Mtoto Asiyetajwa Jina: Misheni ya Rumonge, 1879–1881

Utangulizi

Nilizaliwa Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Wageni wanaujua mji wetu kwa mawese na samaki. Anayepita kwenda Nyanza-Lac husimama kununua mukeke au ndagala, hujaza dumu lake la mawese, kisha huendelea na safari. Wachache wanajua kwamba hapa ndipo wamisionari wa kwanza Wakatoliki walipojenga makao yao katika nchi ambayo leo ni Burundi, na kwamba hawakukaa hata miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa.

Tukio hilo nililisikia kanisani nikiwa mdogo, upande wa mama yangu, ambaye ni Mkatoliki. Upande wa baba ni Waislamu, na huko sikuwahi kulisikia. Kanisani lilisimuliwa kwa maneno machache: walikuja kutuletea neno, wakauawa. Nilipofika chuoni na kuanza kusoma historia ya ziwa letu katika karne ya 19, nikakutana na jambo ambalo sikuambiwa kanisani, kwamba chanzo cha mauaji yale kilikuwa mtoto mmoja. Katika insha hii nataka kueleza taabu na baraka za kila siku za wamisionari wale, kisha nirudi kwa mtoto huyo. Hoja yangu ni kwamba hatari kubwa kwa misheni ya Rumonge haikuwa homa wala njaa. Hatari ilikuwa ndani ya kazi yenyewe waliyoiona kuwa njema kuliko zote, yaani kukomboa watoto.

Kutoka Marseille hadi Rumonge

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Mapadre Weupe, lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Miaka kumi baadaye Lavigerie alituma msafara wa kwanza kuelekea maziwa makuu. Walikuwa wamisionari 10. Waliondoka Marseille mwezi Aprili 1878, wakapita Zanzibar, na mwezi Juni wakaanza kutembea kutoka Bagamoyo. Njia ilikuwa ileile ya misafara ya pembe na watumwa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu hadi Ujiji.

Msafara huo ulikuwa na vikundi viwili. Kimoja, chini ya Padre Livinhac, kilikuwa kinakwenda Ziwa Nyanza na Buganda. Kingine kilikuwa cha Tanganyika, na mkuu wake alikuwa Padre Pascal. Pascal alifariki njiani mwezi Agosti 1878, kabla hata ya kufika Tabora. Nafasi yake ilichukuliwa na Padre Toussaint Deniaud, na ndiye aliyefika Ujiji pamoja na wenzake Januari 1879.

Ujiji haikuwafaa. Mji ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na Waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wametangulia kufika miezi michache kabla, Agosti 1878. Nao walikuwa wameonja uchungu uleule: J. B. Thomson alifariki Ujiji mwezi uliofuata, na Arthur Dodgshun akafariki Aprili 1879 muda mfupi baada ya kuwasili. Mapadre walitafuta mahali pao wenyewe, mbali na soko. Katikati ya mwaka 1879 walipanda mtumbwi, wakafuata ufuko wa mashariki kuelekea kaskazini, wakatua Rumonge.

Kwa nini Rumonge? Anayepajua mahali penyewe hatashangaa. Milima ya Burundi hapa inaachana kidogo na maji, na katikati pana uwanda mpana wenye rutuba, michikichi na mito midogo inayoshuka. Kwa mtu anayetoka Ujiji kwa mtumbwi, ni mahali ambapo nchi inaonekana kumkaribisha.

Taabu za kila siku

Taabu ya kwanza ilikuwa homa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Ronald Ross aligundua jambo hilo mwaka 1897. Wamisionari walikuwa na kwinini, lakini walidhani ugonjwa unatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mtu aliyekulia Rumonge anajua mvua ikinyesha Machi na Aprili mbu wanakuwaje kando ya maji. Wao waliishi katika mazingira hayo bila neti na bila kujua adui wao ni nani.

Taabu ya pili ilikuwa mali ya kubadilishana. Fedha za Ulaya hazikuwa na kazi ziwani. Sokoni Ujiji walitumia ushanga ulioitwa sofi, na kila mahali palihitajika nguo, hasa merikani na kaniki. Misheni ililazimika kuwa na ghala kama la mfanyabiashara. Chakula, kuni, wapiga makasia, mafundi wa kujenga, zawadi kwa wakuu, vyote vililipwa kwa nguo na ushanga. Vitu hivyo vililetwa na wapagazi kutoka pwani, na kila mkuu njiani alitaka hongo yake. Bei ya uhai wao ilipanda na kushuka pamoja na misafara.

Ya tatu ilikuwa upweke. Barua kwenda Algiers na jibu lake zilichukua miezi mingi sana. Mkuu wa misheni aliyekuwa na swali zito lililohitaji kibali cha wakubwa wake ilimbidi aamue mwenyewe.

Ya nne, na kwa maoni yangu ndiyo waliyoielewa kidogo kuliko zote, ilikuwa ugeni wao mbele ya majirani. Mwami Mwezi Gisabo alitawala Burundi wakati huo, lakini makao yake yalikuwa milimani, na ufukweni mkono wake haukuwa na nguvu kama huko juu. Wakuu wadogo wa ziwani walikuwa na mambo yao. Kupewa kiwanja na mkuu mmoja hakukuwa kinga dhidi ya jirani yake. Tena wageni hawa walivaa kanzu nyeupe, walifika kwa mitumbwi kutoka Ujiji, walikuwa na bunduki na ghala la nguo, na walizungumza Kiswahili cha msafara. Kwa macho ya mtu wa ufukweni, ni nani mwingine aliyefanana hivyo? Mfanyabiashara.

Baraka zao

Nisiseme taabu tu. Lavigerie aliwapa wamisionari wake masharti ambayo naona yanastahili heshima hata leo. Aliwataka wajifunze lugha ya watu, wafike mahali pa kuitumia hata wao kwa wao. Aliwataka wale na kuvaa kwa namna iliyo karibu na wenyeji. Kila kituo kiliagizwa kuandika daftari la kila siku: nani amekuja, nani ni mgonjwa, mvua imenyeshaje, mkuu fulani amesema nini. Mwanafunzi wa historia wa leo anaishi kwa madaftari hayo, kwa kuwa mambo mengi ya ufuko wetu ya miaka ile yasingeandikwa mahali pengine.

Vilevile hawakuwa na haraka ya kubatiza. Lavigerie aliweka muda wa miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo, jambo lililowafanya wakae na watu, wasikilize, wasihesabu vichwa tu. Ziwa liliwapa samaki, ardhi iliwapa mavuno, na watoto waliokuwa nao walijifunza kusoma, kulima na kusali. Mtu akiangalia kituo kile kwa mbali mwanzoni mwa 1881, angeona shamba, nyumba na watoto wanaoimba, naye angesema kazi inakwenda vizuri.

Lakini watoto wale walitoka wapi?

Kukomboa na kununua

Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa. Mkataba ulifika pwani, bara haukufika. Miaka ya 1879 na 1880 watu walikuwa bado wanauzwa Ujiji, na wengi wao walikuwa watoto. Mapadre hawakuwa na jeshi la kuzuia biashara hiyo. Walichokuwa nacho ni nguo na ushanga. Basi wakafanya walichoweza: wakawalipia watoto, wakawachukua, wakawalea misheni. Mpango ulikuwa kwamba watoto hao wakue, waoane, wawe kijiji cha kwanza cha Wakristo.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na hapa lugha inanisaidia. Kiswahili kina neno zuri, kukomboa. Mtumwa hukombolewa, kitu kilichowekwa rehani hukombolewa, nchi hukombolewa, na kanisani Yesu huitwa Mkombozi. Padre aliyetoa doti za merikani na kuondoka na mtoto alijua moyoni kwamba amekomboa. Lakini jirani aliyesimama kando aliona nini? Aliona mgeni ametoa nguo, amepewa mtoto, mtoto ameingia katika boma la mgeni na sasa analima shamba lake. Kwa jirani huyo, neno lilikuwa kununua. Tendo ni moja, na macho yanayolitazama ni mawili.

Kuna jambo la tatu pia. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ya karne ile, mtoto aliweza kuwekwa rehani wakati wa njaa au deni, au kutekwa katika ugomvi wa vijiji, na ndugu zake wakabaki wakitumaini kumrudisha siku moja. Mtoto wa namna hiyo hakuwa amekatwa kutoka ukoo wake. Aliyemlipia sokoni alidhani amemaliza shauri, kumbe kwa ndugu shauri lilikuwa bado wazi. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtoto wa Rumonge. Nasema kwamba misheni haikuwa na njia ya kulijua hilo kwa kutazama bei tu.

Tarehe 4 Mei 1881

Karibu na misheni waliishi watu wa mkuu aliyeitwa Bikari. Ugomvi ulizuka kati yao na mapadre kuhusu mtoto mmoja wa misheni. Pande zote mbili zilimdai. Mapadre hawakuwa tayari kumwachia mtoto waliyeamini kwamba wako mbele ya Mungu kama wazazi wake. Majirani nao hawakuwa tayari kumwacha. Tarehe 4 Mei 1881 ugomvi ukawa vita. Waliouawa walikuwa Padre Deniaud, Padre Augier na Félix d'Hoop, Mbelgiji mlei aliyekuja kuwasaidia.

Waliobaki waliondoka Rumonge. Shirika lilikuwa limeshafungua kituo kingine upande wa pili wa ziwa, Mulwewa katika nchi ya Masanze, mwaka 1880, na kazi ikahamia huko. Baadaye zikaja Kibanga mwaka 1883, kisha Karema na Mpala mwaka 1885. Burundi ilingoja. Misheni iliyodumu ilianza Muyaga mwaka 1898, mashariki kabisa mwa nchi, ikafuatwa na Mugera mwaka 1899. Wamisionari walioijenga Kanisa ya Burundi waliingia kwa mlango mwingine, mbali na ziwa.

Nililinganisha habari hii na ile ya wenzao wa msafara uleule waliokwenda Buganda. Huko pia walilea watoto waliokombolewa, na huko pia damu ilimwagika miaka ya 1885 hadi 1887. Tofauti ni kwamba Buganda waliouawa walikuwa wenyeji, akina Karoli Lwanga na wenzake, vijana wa ikulu wenye majina, koo na ndugu. Waganda wenyewe wakawakumbuka, na tarehe 3 Juni inajulikana Afrika Mashariki nzima. Rumonge waliouawa walikuwa wageni. Kumbukumbu yao iliandikwa Ulaya na kurudi kwetu ikiwa imeshapikwa. Ndani yake tunajua tarehe, tunajua majina matatu, tunajua hata jina la mkuu aliyelaumiwa. Katika maandishi niliyosoma sikukutana na jina la mtoto.

Shauri la Bibi

Ningeweza kuishia hapo, lakini mwalimu wetu alitutaka tueleze kwa nini tukio tulilochagua linatuhusu. Kwangu jibu liko nyumbani.

Wakati wa vita, mwaka 2000, Bibi mzaa baba alimwokota mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi karibu na njia ya Magara. Watu walikuwa wanakimbia. Alimfunga mgongoni, akaja naye, akamlea pamoja na wajukuu. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye nikamkuta nyumbani. Nilimwita kaka, na hakuna aliyeniambia vingine. Tulikamua ngazi pamoja, tulipigwa fimbo pamoja kwa kuchezea mashua za watu.

Mwishoni mwa 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, ilifungwa, na Warundi waliokuwa humo wakarudi. Siku moja akaja mwanamume mmoja na mke wake. Walikuwa wameuliza njia nzima. Yule mtoto alikuwa wa dada yake, na dada alikuwa amekufa. Nilikuwa na miaka tisa, lakini nakumbuka jinsi Bibi alivyokaa kimya na kuendelea kuchambua dagaa.

Wazee waliitwa. Alikuja shehe wa mtaa, akaja mzee wa kanisa, wakaja na bashingantahe wawili. Walikaa mkekani kutwa nzima. Mjomba yule alikuwa mtu wa haki. Alisema, "Mama, umemlisha miaka kumi na miwili. Sisi hatuna kitu, lakini tutauza tulichonacho tukulipe." Akatoa hela zilizofungwa katika kitambaa.

Bibi hakuzigusa. Alisema, "Mwanangu, nikipokea hizo nitakuwa nimemuuza. Na kabla yake nitakuwa nilimnunua. Mtoto hauzwi. Mchukueni, ila njia ya kuja kwangu isifungwe."

Haikufungwa. Kaka alikwenda kwao, akarudi likizo, akakaa mwaka kwao na mwaka kwetu. Leo anavua samaki Nyanza-Lac, na akipata mukeke mkubwa hutuma dumu mbili, moja kwa mjomba na moja kwa Bibi.

Sikuielewa siku ile mpaka niliposoma habari za 1881. Bibi alikuwa mahali alipokuwa Padre Deniaud: amemlea mtoto kwa upendo, na watu wamekuja kumdai. Lakini hakukuwa na doti za nguo katikati yao, na walikuwapo wazee ambao pande zote mbili ziliwaamini. Padre Deniaud hakuwa na hayo. Alikuwa na haki yake aliyoilipia sokoni, na hakuwa na mkeka wa kukalia pamoja na watu wa Bikari.

Swali lisilo rahisi

Nilipoisoma rasimu ya insha hii darasani, mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema, "Unataka kusema wangewaacha watoto sokoni?" Ni swali la haki, na limenisumbua. Hapana, sisemi hivyo. Mtoto aliyelipiwa Ujiji mwaka 1880 aliepuka njia ya kwenda pwani, na wengi walikufa njiani. Mmoja wa watoto waliokombolewa na shirika hilihili, Adrien Atiman, aliyetoka upande wa Timbuktu, alisomea utabibu Malta, akaletwa Karema, akawatibu watu wa ufuko wa ziwa letu kwa zaidi ya nusu karne hadi alipofariki mwaka 1956. Nani atasema Atiman angeachwa?

Ninachosema ni kwamba wema wao ulipitia mlango uleule wa biashara waliyoichukia, na majirani waliwaona wakipita mlango huo. Lavigerie mwenyewe, mwaka 1888, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa. Alitambua kwamba kulipia mmoja mmoja hakutamaliza biashara. Watu wa Rumonge waliokuwa wakifa kwa mambo hayo hawakuwa na jukwaa la kusemea lao. Ndiyo maana Bikari amebaki jina la mhalifu katika sentensi moja, bila kuulizwa.

Swali hili ni gumu zaidi kwetu kwa sababu Rumonge inajua mauaji. Machi wala Aprili haipiti kwetu bila wazee kukumbuka 29 Aprili 1972, vita vilipoanza Rumonge na Nyanza-Lac, na maelfu kwa maelfu waliouawa nchi nzima baada ya hapo. Tumezoea hesabu ambamo kila upande unataja wafu wake na kunyamazia wa wenzake. Nisingependa kuandika historia ya 1881 kwa hesabu hiyo. Wamisionari watatu walikufa wakiwa mbali na mama zao, nawaheshimu. Watu wa Bikari nao walikuwa na neno, ingawa hatukuachiwa.

Hitimisho

Misheni ya kwanza ya Rumonge ilidumu chini ya miaka miwili. Ilivumilia homa, upweke na uhaba wa nguo. Ilipata baraka ya kuishi na watu, kujifunza lugha yao na kulea watoto waliokuwa wamepotea. Ilivunjika juu ya mtoto mmoja, kwa kuwa walioitwa wakombozi walionekana wanunuzi, na hapakuwa na mzee wa katikati wa kuwaambia pande zote mbili: kaeni.

Likizo iliyopita nilimsomea Bibi insha hii, nikimfafanulia pale Kiswahili changu cha chuoni kilipomchosha. Alisikiliza habari za mapadre, za Ujiji na za Bikari. Mwisho akauliza swali moja tu, "Na mtoto mwenyewe alikwenda wapi?"

Nikamwambia sijaona palipoandikwa. Akasema, "Basi insha yako haijaisha, mwanangu. Nenda ukasome tena."